Ugoro Si Sigara

Alhamisi hiyo Wayua alirudi kutoka kazini akapita moja kwa moja hadi jikoni na viatu vyake, akaufunga mtungi wa gesi ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeufunga. Akaja akaketi. Akainuka, akaenda kuujaribu tena, mara tatu. Nilikuwa nachambua maharagwe kwenye sinia, yale ya aina ya nyayo, yenye vijiwe vinavyofanana na punje zenyewe, nikaweka sinia chini. Mtu akiangalia gesi mara mbili, hiyo ni tabia yake. Akiangalia mara nne kabla ya kukusalimu, kuna jambo.

"Kuna nini, Wayua?"

"Majani yametoka madoa, mwaitu."

"Majani gani?"

"Ya petunia. Kitanda cha kumi na nne na cha kumi na tano. Vyote viwili ni vyangu." Akaiangalia mikono yake, mbele na nyuma. "Okoth amekata sampuli, zimepelekwa maabara Nairobi. Majibu ni Jumatatu. Ikiwa ni ule ugonjwa, mimi niko nje."

Mwaitu ni mama kwetu Ukambani. Wayua ni mtoto wangu wa tatu, ana miaka arobaini na moja. Mume wake Nzuki alipofariki, miaka sita sasa, nilitoka Mwala nikaja kukaa naye hapa Kitengela, kwenye ploti ya vyumba kumi nyuma ya barabara ya Namanga. Ana binti mmoja, Kalunde, ambaye yuko sekondari ya bweni. Kazi hiyo ya maua ndiyo inayotushikilia sote watatu, na mwaka jana walimfanya supavaiza wa wanawake kumi na sita. Okoth ndiye mkubwa wao.

Shamba lenyewe liko Isinya, na si la maua ya kuweka kwenye chupa. Wanapanda mama wa maua, halafu wanakata ncha changa, urefu wa kidole kidogo, wanazifunga kwenye mifuko na zinapanda ndege kwenda kupandwa Ulaya. Ncha moja ikiwa na ugonjwa inaweza kuharibu mzigo mzima. Sasa, petunia ni ndugu wa nyanya na viazi, na ni ndugu wa tumbaku pia, na tumbaku ina ugonjwa wake ambao haufi hata jani likikaushwa na kusagwa. Unakaa mikononi mwa mtu. Ndiyo maana mwanamke akifika pale mlangoni anabadilisha viatu, anakanyaga beseni la dawa, ananawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha anazamisha mikono kwenye ndoo ya maziwa. Maziwa kabisa, ya unga, yaliyokorogwa kwa maji. Mara ya kwanza aliponieleza nilicheka hadi nikafuta macho, mimi niliyejua maziwa ni ya chai na ya watoto. Akaniambia maziwa yanaushika ule ugonjwa usiingie kwenye jani. Na juu ya mlango kuna picha ya sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na kila mmoja wao ameweka sahihi kwenye karatasi kwamba yeye si mvutaji.

Wayua aliweka sahihi hiyo, naye ni mvutaji. Alikuwa.

Alianza baada ya kumzika Nzuki. Moyo ulikuwa unamkimbia bila kufukuzwa. Angekaa tu hapo kwenye kochi na kuona mambo ambayo hayajatokea: Kalunde amegongwa na lori la simiti, nyumba imeungua, mimi nimeanguka bafuni. Sigara ndiyo ilikuwa inamshusha. Mimi nilimsema, nikamsema tena, nikamwambia mwanamke mzima wa kanisa ananuka kama kondakta. Hakuwahi kunijibu vibaya. Alitafuna tu tangawizi na kwenda kazini.

Mwezi wa pili mwaka huu kifua kilimbana hadi tukampeleka kliniki, tukidhani ni moyo. Haukuwa moyo. Nesi mmoja anaitwa Lucy, msichana mpole mwenye miwani, alimwambia hivi nikiwa nimeketi pale: "Mama, hiyo sigara inatuliza kutetemeka ambako sigara ya kabla yake ndiyo imekuletea. Wasiwasi ulikuja nao, sawa. Lakini sasa unaulisha." Neno hilo nililipenda sana, nikawa namrudishia Wayua kila nilipopata nafasi. Mwezi wa tano akaacha. Wiki za kwanza alivunja sahani mbili na kugombana na mtu wa maji, lakini aliacha.

"Sasa wewe unaogopa nini?" nikamwuliza Alhamisi hiyo. "Si uliacha?"

Akavua viatu. Halafu akasema, "Nilivuta moja. Jumatatu ile ya wiki tatu zilizopita, nikishuka Isinya. Moja tu. Nikanawa sabuni mara mbili, nikazamisha maziwa mara tatu. Na siku hiyo ndiyo nilikuwa nakata kitanda cha kumi na nne."

Nikamwambia, "Moja si kitu."

"Mwaitu, ule ugonjwa hauhesabu."

Alipokwenda kuoga nilibaki na lile neno, Jumatatu ile. Nikalirudia. Wiki tatu zilizopita. Halafu nikaikumbuka asubuhi yake.

Wiki hizo mashine ya kufulia ya shamba ilikuwa imeharibika, na wafanyakazi walikuwa wanakuja na madastikoti yao, yale makoti ya kazi, nyumbani. La Wayua, lile la bluu, nililifua Jumamosi, nikalianika, nikalipiga pasi Jumapili. Jumatatu alfajiri kulikuwa na ile baridi ya mwezi wa saba ya huku, yenye upepo unaoleta vumbi la Athi River. Wayua alikuwa bado anaoga. Mimi nilitaka kutoka kununua maziwa ya chai pale kwa gate, na sweta langu lilikuwa na unyevu. Nikalivaa lile dastikoti. Nikaenda, nikarudi, nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko wake wa plastiki.

Na pale kwa gate, nikisubiri mwenye maziwa apime, nilinusa ugoro.

Nimenusa tangu nilipomzaa kitinda mimba wangu. Mama yangu alinusa, na mama yake. Nanunua majani ya tumbaku sokoni, nayasaga mwenyewe kwenye jiwe, naongeza magadi kidogo na tone la samli, natia kwenye kikopo cha dawa ya kifua iliyokwisha. Unachukua kidogo kati ya kidole gumba na cha pili, upande wa kulia, halafu wa kushoto, unafumba macho. Kisha unapangusa vidole. Mimi napangusa kwenye mkono wa nguo, hapa karibu na kiwiko. Miaka arobaini napangusa hapo, nguo zangu zote zina alama. Na kikopo nilikitia mfukoni mwa lile dastikoti, na kifuniko chake kimelegea.

Kwa hiyo nilikuwa najua kile ambacho mtoto wangu hajui. Kwamba huenda si sigara yake. Huenda ni mimi.

Ungedhani ningeinuka hapo hapo nimwambie. Nilinyanyuka kweli. Akatoka bafuni na taulo kichwani, akaenda kuangalia gesi, na mimi nikarudi kwenye maharagwe. Niliogopa uso wake. Miaka yote hiyo nimemwambia sigara ni uhuni, na mimi kikopo kiko ndani ya sidiria.

Ijumaa alikwenda kazini bila chai. Jioni alirudi na paketi mbili za maziwa, nikafurahi nikidhani anataka kupika ugali na maziwa. Akamwaga moja kwenye beseni, akaongeza maji, akazamisha mikono hadi viwikoni. Akakaa hivyo amepiga magoti, anaangalia ukuta.

"Wayua, hapa hakuna petunia."

"Najua."

"Sasa unanawia nani?"

"Acha tu, mwaitu. Nikiitoa naona kama inanuka."

Nilikwenda chooni, choo cha ploti kilicho mwisho wa vyumba, nikafunga komeo na kunusa nikiwa nimesimama. Kulia, kushoto. Moyo ukatulia. Nilipofika mlangoni petu ulikuwa umeanza tena, nikarudi chooni. Mama mmoja wa chumba cha sita akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Nikasema ndiyo, na Wayua nikamwambia vivyo hivyo. Maisha yangu yote sijawahi kunusa kwa kujificha. Mbaki, kama tunavyoiita kwetu, inanuswa mbele ya watu, anapewa mgeni, anapewa mzee. Sasa nilikuwa na komeo.

Jumamosi saa nne Soipan alikuja. Soipan ni Mmaasai, ana kama miaka hamsini, anaishi upande wa pili wa ploti na anafanya kazi chini ya Wayua, kitanda cha tisa. Ni mwanamke mrefu, mwenye maneno, na akiingia nyumba inajaa.

"Takwenya, yeyo," akanisalimu. Yeyo ni mama kwao.

"Iko," nikajibu, vile alivyonifundisha.

"Wayua yuko wapi? Nimeletea yeye habari ya huko, maana tangu jana anatembea kama mtu ameibiwa ng'ombe."

Wayua akatoka chumbani. Soipan akaketi na kupanua lesso yake.

"Okoth ameniita. Anaita mmoja mmoja. Anauliza, wewe unavuta? Mwingine anavuta? Mimi nikamwambia, Bwana Okoth, mimi niko na wajukuu wanne, sigara nitavutia wapi? Akaninusa mikono. Haki, yule mtu alininusa kama mbwa ya polisi."

"Amesema nini tena?" Wayua akauliza.

"Amesema mwenye anavuta ajitokeze kabla majibu kufika. Akijitokeza ataangaliwa. Akishikwa, anakwenda nyumbani na asirudi kuomba kazi hata ya kufagia." Akamtazama Wayua, halafu akatazama pembeni kwa adabu. "Kuna wenye wanasema walikuona Isinya pale nyuma ya wauza ndizi. Mimi nikawaambia muangalie vitanda vyenu."

Wayua aliingia jikoni, nikasikia swichi ya gesi inazungushwa.

Soipan akainama kwangu, akapunguza sauti. "Yeyo, nipatie kidogo. Kichwa inaniuma na hii mambo."

"Kidogo ya nini?"

"Ya nini tena? Ugoro. Yangu imeisha tangu asubuhi."

Nilikuwa nimeshakitoa kikopo nusu, kwa mazoea tu, ndipo mkono ukasimama. Nikamwuliza polepole, "Soipan, wewe hunusa hata siku za kazi?"

"Asubuhi nikishuka, na saa saba baada ya chakula. Sote. Mama Ezra, yule wa Kimuka, wale dada wawili wa kule Illasit. Utakaaje kwa ile joto siku mzima?"

"Na ile picha ya mlangoni?"

Alinicheka, si kwa ubaya. "Yeyo, ile ni picha ya sigara. Ugoro si sigara. Nani amewahi kukohoa moshi ya ugoro?"

Nikampa. Ningefanya nini? Akanusa, akafumba macho, akapangusa vidole kwenye lesso, akaniombea baraka za Mungu na kuondoka. Mimi nikabaki na mambo mawili badala ya moja. Nikisema la dastikoti, Okoth atauliza ugoro ni nini, na akiuliza ataufikia mkono wa Soipan na wa wale wanawake wote. Nisiposema, Jumatatu mtoto wangu atakwenda kujitaja kwa sigara moja na kufukuzwa kwa niaba ya wote. Nilijaribu kuomba. Kila nikifunga macho naona kikopo.

Jumapili tulikwenda kanisani. Wayua alisimama wakati watu wameketi na kuketi watu wakisimama. Tuliporudi, akatoa viatu vya kanisa, akavaa ndala, akasema anakwenda kununua chumvi.

Chumvi ilikuwapo. Pakiti nzima, kwenye rafu, kando ya majani ya chai. Nikahesabu hadi hamsini nikamfuata.

Dukani hakuwapo. Nilimpata nyuma ya tangi la maji la ploti ya jirani, amesimama juani, ameegemea nguzo ya chuma. Alikuwa na sigara moja kati ya vidole, haijawashwa, na kiberiti kwenye mkono mwingine.

"Rudi nyumbani, mwaitu."

"Nitarudi. Niko na neno."

"Kama ni la sigara, nayajua yote. Lucy alisema, mchungaji alisema, wewe umesema tangu Nzuki afe."

"Si la sigara. Ni la ugoro."

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Nikamweleza. Sikuruka kitu: baridi, sweta lenye unyevu, maziwa ya kwa gate, vidole, kiwiko, kifuniko kilicholegea, namna nilivyolikunja dastikoti nikilitazama na kuona liko safi kwa sababu bluu inaficha. Nilikuwa naongea nikiangalia ndala zake.

"Umejua lini?"

"Alhamisi. Ulipotaja ile Jumatatu."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumapili."

"Jumapili," akasema. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Siku tatu nimekuwa nikijila kama mchwa anakula mlango. Umekaa unaniangalia nikinawa maziwa. Ukaniuliza nanawia nani."

"Niliogopa, Wayua."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

"Wewe."

Akacheka kidogo kupitia puani. Nilidhani sasa, kwa kuwa amejua si yeye peke yake, ataitupa ile sigara. Hakuitupa. Aliwasha kiberiti mara tatu upepo ukizima, mara ya nne nikasogea nikamkinga kwa lesso yangu, sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe. Akavuta. Nilisimama pale karibu naye nikaona mabega yake yanashuka, kidogo kidogo, kama mtu anayetuliwa debe la maji. Sijawahi kumtazama akivuta. Siku zote nilikuwa nageuza uso nimsomee. Alivuta yote hadi mwisho, akaikanyaga, akaokota kipande akakitia kwenye kiberiti.

"Sasa ndio napumua," akasema.

Tukatembea. Kutoka kwenye tangi hadi kwa gate ya ploti yetu ni kama hatua mia moja. Tulipokuwa tunapita kwa kinyozi, vidole vyake vilikuwa vimeanza kuchuna pindo la sketi.

"Imeisha," akasema, akiviangalia vidole. "Haikufika hata gate."

"Yangu pia haifiki," nikamwambia. "Ijumaa nilirudi chooni mara nne."

Akasimama katikati ya njia. "Ndiyo ilikuwa ile tumbo?"

"Ndiyo hiyo."

Nilimweleza pia ya Soipan na wenzake, kwa sababu sasa sikutaka tena kubaki na kitu kifuani. Akasikiliza. Akasema tu kwamba kesho ataingia kwa Okoth kabla ya kengele na kutaja sigara yake, na nikasema nami nitaingia na langu la dastikoti. Akanikataza. Nikamwambia mimi si mfanyakazi wao, hawana pa kunifukuza.

Asubuhi nilikiacha kikopo nyumbani juu ya kabati, nikanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Soipan tulimkuta kwenye gate la shamba. Nilimvuta kando, nikamwambia nitasema yangu peke yangu, jina lake halitatoka mdomoni mwangu. Alinisikiliza akiwa ameshika kiuno, uso umekuwa mzito.

"Wajukuu wanne, yeyo," akasema.

"Najua."

"Sema yako. Jina langu nitajua mwenyewe nilifanyie nini."

Ofisi ya Okoth ni chumba cha mabati chenye feni, na mezani kuna majani kwenye mifuko ya nailoni yaliyoandikwa namba. Ni Mjaluo wa makamo, mnene kidogo, mwenye adabu. Alinipa kiti chake mwenyewe. Simu yake ilikuwa mezani imelala chali, na sote watatu tulikuwa tunaiangalia.

Wayua alianza. Alisema aliweka sahihi ya uongo, kwamba alivuta miaka sita, aliacha mwezi wa tano, akavuta moja Jumatatu ile, na nyingine jana. Hakulia. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka kama ya msomaji mpya wa kanisa, lakini aliifikisha mwisho. Kisha nikasema yangu.

Okoth alikuwa anaandika, akaacha. "Mama, ugoro? Ule wa kunusa?"

"Huo huo."

"Na huwa unaushika kwa vidole."

"Sasa utashika na nini, Bwana Okoth?"

Akaegemea nyuma, akatazama mlango kule nje, kule kwenye ile picha. "Hatukuandika ugoro," akasema, zaidi kwake mwenyewe kuliko kwetu.

Hapo simu ikalia. Alisikiliza, akasema sawa mara tano, akaandika namba kwenye karatasi: kumi na nne, kumi na tano, halafu tisa. Nikaona Wayua anaisoma ile tisa, kitanda cha Soipan. Ugonjwa ulikuwapo. Vitanda vyote vitatu ving'olewe na kuchomwa leo leo, na nyumba nzima ya maua isikatwe hadi ipimwe upya.

Alitoka nje kwa wanawake waliokuwa wamejipanga kwenye ndoo za maziwa, nasi tukatoka nyuma yake. Akauliza nani anatumia ugoro. Upepo ulikuwa unapiga nailoni ya paa. Mimi nilikuwa naangalia chini, pua inaniwasha kwa kile kitu nilichokiacha nyumbani.

"Mimi," Soipan akasema. "Tangu niolewe."

"Na hukuniambia? Nimekuita ofisini Ijumaa."

"Uliuliza sigara. Ungeuliza ugoro ningesema ugoro."

Wengine wakacheka, kicheko cha woga, kikakatika. Kisha mkono mwingine ukainuka, na mwingine. Wale dada wa Illasit waliinua pamoja. Saba, kati ya kumi na sita. Okoth aliitazama ile mikono na nikaona anahesabu nani atabaki wa kukata maua.

Alivyoamua ni hivi. Wale saba waende kwenye nyumba za maua mengine hadi karatasi iandikwe upya, na atakayeuacha ugoro ndiye atarudi petunia. Wayua aliitwa kando, lakini mimi nilikuwa karibu. Usupavaiza umekwisha. Atakwenda kwenye stoo ya kukunja maboksi hadi mwisho wa msimu, halafu wataona. "Ningekushika mwenyewe, ningekufukuza," alimwambia. "Na sijui bado kama nimefanya vizuri."

"Sawa," Wayua akasema. Alivua beji yake, ikamkwama kwenye uzi, akaivuta hadi ikatoka na kipande cha dastikoti.

Sikurudi Kitengela. Mlinzi aliniruhusu kukaa kwenye nyasi kando ya uzio, na asubuhi nzima nilitazama moshi wa petunia ukipanda nyuma ya matangi. Ulikuwa mweupe na mzito, na nilijiuliza ni mangapi kati ya yale majani niliyagusa bila kuyaona.

Saa saba kengele ililia, Wayua akaja. Nilimtazama mikono kwanza, halafu mdomo, na yeye akaona namtazama.

"Sijavuta," akasema. "Usiniangalie hivyo. Kesho sijui."

"Stoo iko vipi?"

"Kuna baridi. Maboksi hayaugui."

Aliketi kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akaniuliza mimi nahisi vipi. Nikamwambia ukweli, kwamba tangu asubuhi naona kama kuna mtu amesimama nyuma yangu, kwamba nimemkemea mlinzi bila sababu, na kwamba kama kile kikopo kingekuwa hapa ningekula hadi kifuniko.

"Siku ya kwanza ni hivyo," akasema. "Ya tatu ni mbaya zaidi. Nitakwambia ikifika."

Halafu akalala, pale pale, kichwa juu ya paja langu, mwanamke wa miaka arobaini na moja, na wenzake wanapita na sahani zao wakituangalia. Usingizi ulimchukua mara moja. Mguu ulianza kufa ganzi. Soipan alipita, akasimama, akatuangalia, akakaa upande wa jua ili kivuli chake kimfunike uso. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu cha kushika, nikaiweka kwenye nywele za Wayua, nikawa nahesabu dakika zilizobaki kabla ya kengele.